Njia ya Bonn au njia ya Paris: usalama wa Ulaya uegemee wapi?

Msikilizaji wa habari kwa Kiswahili amezoea kuusikia mvutano wa Ulaya na Marekani kutoka kwa wahusika wenyewe. London ilianza kututangazia mwaka 1957, Ujerumani 1963, Paris 2010, na Washington nayo ilikuwa na idhaa yake hadi Machi 2025, pale serikali ya Rais Donald Trump ilipoisimamisha Sauti ya Amerika na watangazaji wake wakaambiwa wabaki nyumbani. Aliyefungua redio jioni ile kwa saa aliyoizoea alikuta kimya. Jambo hilo ni dogo likiwekwa kando ya makombora na vifaru, lakini linaonyesha kwa karibu kile ambacho nchi za Ulaya zinakihofia: kitu kilichodumu miongo mingi hata kikahesabiwa kuwa nguzo ya nyumba kinaweza kuondolewa kwa saini moja, baada ya uchaguzi mmoja.

Swali la Ulaya, basi, ni la kuchagua. Kuna njia mbili kuu ambazo zimejaribiwa kwa vitendo tangu miaka ya 1950, na kila hoja inayosikika leo ni mtoto au mjukuu wa mojawapo. Ya kwanza nitaiita njia ya Bonn, kwa jina la mji uliokuwa makao ya serikali ya Ujerumani Magharibi wakati wa Vita Baridi: kuukabidhi ulinzi wa nchi kwa Jumuiya ya Kujihami ya NATO, na ndani ya NATO kuutegemea mkono wa Marekani. Ya pili ni njia ya Paris: kubaki rafiki wa Marekani, lakini kuwa na silaha, viwanda na uamuzi wa kwako mwenyewe. Wa kwanza watasema jifya moja haliinjiki chungu. Wa pili watajibu kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali zote mbili ni za kweli, na ndiyo maana inatupasa kuangalia kila njia iligharimu nini na ilileta nini.

Siku moja, mafunzo mawili

Pa kuanzia ni tarehe 6 Novemba 1956. Uingereza na Ufaransa, kwa mpango wa siri na Israel, zilikuwa zimeivamia Misri ili kuurudisha mfereji wa Suez ambao Gamal Abdel Nasser aliutaifisha mwezi Julai. Rais Eisenhower hakuarifiwa, na alikasirika. Hakutuma jeshi, alichofanya ni kuzuia msaada wa fedha wakati thamani ya pauni ya Uingereza ilipokuwa ikiporomoka, na hilo lilitosha. Siku hiyohiyo Wamarekani walipokuwa wakipiga kura na kumrudisha Eisenhower madarakani, London ilikubali kusitisha mapigano, na Paris ikalazimika kufuata. Kansela Konrad Adenauer wa Ujerumani Magharibi alikuwa Paris siku hiyo, mgeni wa Waziri Mkuu Guy Mollet, akayashuhudia mambo kwa macho yake.

Pigo lilikuwa moja, lakini waliopigwa walitoka na mafunzo yanayopingana. London iliamua kwamba haitatengana tena na Washington katika jambo zito, na Desemba 1962, huko Nassau, Waziri Mkuu Macmillan alikubaliana na Rais Kennedy kununua makombora ya Polaris kwa ajili ya nyambizi za Uingereza. Paris iliamua kwamba rafiki anayeweza kukuangusha kwa simu za mabenki si wa kukabidhiwa uhai wa taifa. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la nyuklia. Ililipulia Reggane, katika jangwa la Sahara la Algeria, na anayeisifu njia ya Paris kwa kuwa ni njia ya kujitegemea hapaswi kusahau kwamba sehemu ya bei yake ililipwa kwenye ardhi ya Waafrika waliokuwa wakati huohuo wanapigania uhuru wao.

Ujerumani Magharibi haikuwa na nafasi ya majivuno. Nchi ilikuwa imegawanywa, na kutoka Hamburg hadi mpaka wa upande uliokuwa chini ya majeshi ya Kisovieti ulikuwa mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Mwaka 1954 Adenauer aliahidi kwamba nchi yake haitatengeneza silaha za nyuklia, na mwaka uliofuata ikaingia NATO. Inafaa ikumbukwe pia kwamba mpango wa kwanza wa kuunda jeshi la pamoja la Ulaya, uliotiwa saini 1952, haukuuawa na Wamarekani, ambao waliuunga mkono. Uliuawa na Bunge la Ufaransa lenyewe tarehe 30 Agosti 1954. Jambo hili husahauliwa na wengi wanaodhani kwamba Paris daima ndiyo iliyoutaka ulinzi wa Ulaya, na wengine wakaukwamisha.

Mgongano wa wazi ulikuja 1963. Januari, Rais Charles de Gaulle na Adenauer walitia saini mkataba wa urafiki katika ikulu ya Élysée, na de Gaulle alitumaini kwamba Bonn ingejisogeza taratibu kutoka Washington. Bunge la Ujerumani liliuidhinisha mwezi Mei, lakini likauwekea utangulizi uliosisitiza ushirikiano na Marekani na ulinzi wa pamoja ndani ya NATO. Kurasa za mkataba zilibaki zilezile, roho yake ikawa nyingine. Miaka mitatu baadaye, Machi 1966, de Gaulle alimwandikia Rais Johnson kwamba Ufaransa inajitoa katika amri ya pamoja ya kijeshi, na majeshi ya kigeni yaondoke katika ardhi yake. Makao makuu ya NATO yakahamishwa kutoka Paris kwenda Brussels.

Nani ameshika ufunguo?

Ukitaka kuzitofautisha njia hizi bila maneno mengi, linganisha kambi mbili.

Büchel ni kambi ya jeshi la anga la Ujerumani, katika vilima vya Eifel magharibi mwa nchi. Rubani anayefanyia mazoezi hapo ni Mjerumani, na ndege aina ya Tornado anayoirusha ni ya Ujerumani. Lakini bomu la nyuklia ambalo ndege hiyo ingelibeba siku ya siku, na ambalo serikali hazipendi kulitaja hadharani, ni mali ya Marekani, linalindwa na askari wa Marekani, na haliwezi kutumika bila idhini ya rais wa Marekani. Tornado zimezeeka, na mwaka 2022 Ujerumani iliamua kununua ndege 35 za F-35 kutoka Marekani kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo hata ndege sasa itategemea vipuri na programu za kompyuta kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Mjerumani ana mkono kwenye usukani, lakini ufunguo uko mfukoni mwa mtu mwingine.

Île Longue iko kwenye ghuba ya Brest, kona ya magharibi kabisa ya Ufaransa. Hapo ndipo zinapotia nanga nyambizi nne zenye makombora ya nyuklia, na tangu 1972 hakujapita siku ambayo angalau moja haikuwa baharini, imejificha. Nyambizi imeundwa Ufaransa, kombora aina ya M51 limeundwa Ufaransa, na anayeweza kuamuru lirushwe ni rais wa Ufaransa peke yake. Uingereza imesimama katikati: vichwa vya nyuklia ni vyake na uamuzi ni wake, lakini makombora ya Trident huchukuliwa kutoka akiba inayotunzwa pamoja na Marekani huko Georgia.

Kwa kipimo hiki Paris inashinda bila ubishi. Hata hivyo, kipimo cha ufunguo si kipimo cha nguvu. Ufaransa ina vichwa vya nyuklia vipatavyo 290, na Marekani ina maelfu. Muhimu zaidi ni kwamba silaha ya Ufaransa ilibuniwa kuilinda Ufaransa. De Gaulle aliweza kuwafukuza Wamarekani kwa sababu kati yake na majeshi ya Kisovieti kulikuwa na Ujerumani Magharibi nzima, iliyojaa Wamarekani zaidi ya 200,000. Uhuru wake ulikuwa wa kweli, lakini ulikaa chini ya kivuli cha mti uliopandwa na Bonn. Hata mwaka 1967, baada ya kelele zote, majenerali wa Ufaransa na wa NATO waliandikiana makubaliano ya namna majeshi yao yangeshirikiana vita vikizuka. Ufaransa haikutoka kabisa katika NATO, na mwaka 2009, chini ya Nicolas Sarkozy, ilirudi katika amri ya pamoja.

Kwa hiyo anayesema leo kwamba Ulaya nzima ifanye alivyofanya de Gaulle anapaswa kujibu kwanza: ikiwa wote wataondoka chini ya mti, kivuli kitatoka wapi?

Masanduku ya kura

Hoja kubwa dhidi ya njia ya Bonn ni kwamba inauweka uhai wa Ulaya mikononi mwa mpiga kura wa Marekani. Wengi huihesabu hofu hii kuanzia kwa Trump, lakini ni ya zamani kuliko hivyo. Mwaka 1951 Eisenhower, akiwa kamanda wa NATO, aliandika kwamba ikiwa baada ya miaka kumi majeshi ya Marekani yatakuwa hayajarudi nyumbani, basi mpango mzima utakuwa umeshindwa. Mwaka 1971 Seneta Mike Mansfield alitaka askari wa Marekani waliopo Ulaya wapunguzwe kwa nusu, akashindwa kwa kura 61 dhidi ya 36. Juni 2011, Waziri wa Ulinzi Robert Gates aliwaonya wenzake mjini Brussels kwamba Wamarekani watachoka kuwalipia wasiotaka kujilipia. Wakati huo vita vya Libya vilikuwa vimefichua kwamba baadhi ya majeshi ya Ulaya yanaishiwa mabomu baada ya majuma machache tu. Deni hili lilikuwa likidaiwa kwa sauti ya upole kwa miaka 60. Trump alilidai kwa kupiga mlango teke.

Na mlango umepigwa kweli. Januari 2025, kabla hata ya kuapishwa, alikataa kusema kwamba hatatumia nguvu kuichukua Greenland, ambayo ni sehemu ya ufalme wa Denmark. Kwa Wadenmark jambo hilo liliuma kwa namna ya pekee: kifungu cha 5 cha mkataba wa NATO, kinachosema kwamba kushambuliwa kwa mmoja ni kushambuliwa kwa wote, kimewahi kutumika mara moja tu, nayo ni kuisaidia Marekani baada ya Septemba 11, 2001, na Denmark ilipoteza askari zaidi ya 40 Afghanistan. Februari, Makamu wa Rais JD Vance aliwaambia viongozi wa Ulaya mjini Munich kwamba hatari inayomtia wasiwasi zaidi inatoka ndani yao wenyewe. Majuma mawili baadaye Rais Volodymyr Zelensky alikaripiwa mbele ya kamera katika Ikulu ya Marekani, na mwezi Machi Ukraine ikakatiwa kwa siku kadhaa taarifa za kijasusi. Julai, huko Turnberry, Scotland, Umoja wa Ulaya ulikubali ushuru wa asilimia 15 kwa bidhaa zake nyingi zinazoingia Marekani. Kwa maoni yangu haiwezekani kuyaelewa mapatano yale kwa hesabu za biashara peke yake: aliyekaa mezani kutetea magari na mvinyo alijua kwamba upande wa pili wa meza ndiko yaliko pia makombora ya kuzuia ndege.

Watetezi wa njia ya Bonn wana jibu, nalo si jepesi. Desemba 2023 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayomzuia rais kujitoa NATO bila theluthi mbili ya Seneti au sheria mpya ya Bunge. Katika mkutano wa The Hague, Juni 2025, wanachama walikubali kufikisha matumizi ya ulinzi asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035, yaani 3.5 kwa majeshi yenyewe na 1.5 kwa mambo yanayohusiana nayo, na ingawa Uhispania ilisema wazi kwamba kiwango hicho hakiihusu, Trump aliondoka akiwa ameridhika. Udhaifu wa jibu hili uko ndani ya mkataba wenyewe. Kifungu cha 5 kinaitaka kila nchi ichukue hatua itakayoona ni ya lazima. Rais asiyetaka kupigana hahitaji kujitoa NATO. Anaweza kubaki mwanachama na kutuma mahema na dawa.

Je, njia ya Paris inaponya ugonjwa huu? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoiimba. Paris nayo ina sanduku la kura. Machi 2025 Rais Emmanuel Macron alifungua mjadala wa kuutandaza ulinzi wa nyuklia wa Ufaransa juu ya washirika wake, lakini muda wake unakwisha 2027, na hawezi kugombea kwa mara ya tatu mfululizo. Marine Le Pen, aliyeingia duru ya pili ya uchaguzi wa 2022, aliahidi wakati huo kuitoa tena Ufaransa katika amri ya pamoja ya NATO, na anapinga silaha ya nyuklia ya Ufaransa kugawanwa na mtu yeyote. Mlatvia anayeuhama mwavuli wa Washington kwa kuogopa mabadiliko ya siasa, akaenda kusimama chini ya ule wa Paris, amebadilisha kalenda ya uchaguzi tu, tena amechukua mwavuli mdogo zaidi.

Fedha nazo zinaibana Paris. Deni la Ufaransa limepita asilimia 110 ya pato la taifa, na serikali zake zimekuwa zikianguka kwa ugomvi wa bajeti. Mwenye fedha ni Ujerumani, ambayo baada ya uvamizi wa Ukraine ilitenga euro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi, na Machi 2025 ikabadilisha katiba ili matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia moja ya pato la taifa yasizuiwe na ukomo wa madeni. Fedha hizo zinanunua nini? Mwaka 2022 Berlin ilianzisha mpango wa ngao ya anga ya Ulaya uliojengwa juu ya Patriot za Marekani, Arrow 3 za Israel na IRIS-T za Ujerumani yenyewe. Ufaransa, ambayo pamoja na Italia inaunda mfumo wake wa SAMP/T, ilikataa kujiunga. Ndege ya kivita ya pamoja iliyotangazwa 2017 imekwama mara kwa mara kwa sababu Dassault ya Ufaransa na Airbus hawaelewani ni nani aongoze kazi, na hata ikienda vizuri haitarajiwi kuruka kivita kabla ya mwaka 2040.

Achague nani, achague nini

Jibu haliwezi kuwa moja kwa nchi zote. Estonia ina watu milioni 1.3, na katika mji wa Narva mto tu ndio unaoitenganisha na Urusi. Kwake kusubiri kiwanda kikamilike ni anasa, na hata Mmarekani asiyetabirika ni bora kuliko kiti kitupu. Poland inafikiri hivyohivyo, ila kwa mfuko mnene zaidi: matumizi yake yamepita asilimia 4 ya pato la taifa, na imenunua vifaru vya Abrams kutoka Marekani pamoja na vya K2 kutoka Korea Kusini, bila kusubiri ruhusa ya Paris wala Berlin. Uhispania na Ureno, zilizo mbali na mpaka wa Urusi, zina nafasi ya kuwekeza polepole katika viwanda vya Ulaya, ijapokuwa nafasi hiyohiyo ndiyo huwafanya wanasiasa wake wasione haraka ya kulipa.

Finland ndiyo inayonivutia kuliko zote, maana haikufuata njia yoyote kati ya hizi mbili. Ina mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300 na Urusi, na kwa miaka yote ya Vita Baridi haikuwa na wa kumtegemea. Ikaendelea kuwafunza vijana wake ujeshi hata majirani walipoacha. Ilipoingia NATO, Aprili 2023, iliingia na jeshi lake na ndege 64 za F-35 ilizokwisha kuagiza. Ilichukua mkono wa Marekani ikiwa imesimama kwa miguu yake.

Ningelazimishwa kuchagua kwa niaba ya nchi ya kati, tuseme Uholanzi au Ubelgiji, ningetenganisha mambo kwa muda yanaochukua. Vinavyohitajika katika miaka mitano ijayo, yaani ulinzi wa anga, taarifa za setilaiti, ndege za kujaza mafuta angani na mfumo wa amri, vinapatikana kwa Marekani, na kujidanganya kwamba kuna kingine ni kuacha mlango wazi usiku. Vinavyoagizwa leo ili vifike baada ya miaka 15 viagizwe Ulaya, hata kama ni ghali zaidi na hata kama Dassault na Airbus wataendelea kugombana, kwa sababu hakuna anayejua ni nani atakayekuwa Washington wakati huo. Na nisingeitazamia Ufaransa ilinde nchi nyingine kwa nyuklia hadi baada ya kura za 2027 kuhesabiwa.

Usiku wa ushindi wake katika uchaguzi wa Ujerumani, tarehe 23 Februari 2025, Friedrich Merz alisema kwamba lengo lake la kwanza ni kuiimarisha Ulaya hadi ifikie, hatua kwa hatua, kujitegemea mbele ya Marekani. Alikuwa mrithi wa chama cha Adenauer, na hajazifuta zile F-35. Mwezi Mei alikwenda Vilnius kuzindua brigedi ya jeshi la Ujerumani itakayokaa Lithuania moja kwa moja, askari wapatao 5,000 ifikapo mwisho wa 2027, wengi wao Rūdninkai, karibu na mpaka wa Belarus. Ujerumani haijawahi kuweka kikosi cha kudumu cha ukubwa huo nje ya nchi tangu Vita vya Pili vya Dunia. Walithuania sasa wanaandaa nyumba na shule za watoto wa askari hao, kama zile ambazo Wajerumani wa Kaiserslautern na Ramstein waliziona zikijengwa kwa ajili ya familia za Wamarekani, walipokuwa wao ndio wanaolindwa.